Chupa za Alhamisi

Katika hospitali saba za kanda ile, kila muuguzi aliyewahi kufunga kipande cha uvimbe kwenye chupa alimjua Mzee Wembe, ingawa wengi walikuwa hawajawahi kumtia machoni. Walimjua kwa mwandiko. Yeye ndiye aliyekaa kwenye dirisha la kupokelea la maabara kuu, pale vinapoletwa vinyama vilivyokatwa kwa wagonjwa ili vichunguzwe kama vina saratani au havina. Chupa ikifika vizuri, alinyamaza. Ikifika vibaya, gari likirudi lilirudi na kikaratasi.

"Hiki ni kipande cha mwili wa mtu, si mboga ya kopo. Maji ya bomba hayahifadhi kitu." Hicho kiliwaendea waliotia maji badala ya fomalini, ile dawa kali inayozuia nyama isioze. Kingine kilisema: "Mgonjwa huyu ana jina. Wazazi wake walihangaika kulitafuta, nanyi liandikeni." Kingine, kwa waliosahau kutumbukiza chenyewe kilichokusudiwa: "Nimepokea chupa, dawa na kifuniko. Nyama mmeila?" Na kile kilichovuma kuliko vyote kilikwenda kwa waliotumia chupa ya dawa ya kikohozi: "Mdomo wa chupa hii ni mwembamba kuliko akili ya aliyeichagua." Maana kipande kikiingia kwenye fomalini kinaingia laini, kesho yake kimekakamaa, na chupa ya shingo nyembamba haikitoi tena mpaka ivunjwe.

Tuseme ukweli, mzee alikuwa na haki. Kipande kilichooza hakisomeki hata kwa hadubini ya bei mbaya, na mgonjwa inabidi alazwe tena akatwe tena, wakati uvimbe wenyewe haumngojei mtu. Lakini kuna kuwa na haki, na kuna kuifurahia. Mzee Wembe aliifurahia haki yake kama mtu anavyofurahia kiti chake cha nyumbani. Akimaliza kuandika kikaratasi alikuwa anakisoma kwa sauti, kisha anamgeukia Shangazi.

Shangazi alikuwa mfanyakazi mwenzake, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyepaka rangi vipande vilivyokwisha kukatwa, ili visomeke kwenye hadubini, chumba cha pili. Maabara nzima ilimwita Shangazi, hata waliomzidi umri.

"Umezidisha," Shangazi alikuwa akimwambia.

"Maneno makali hayavunji mfupa," Mzee Wembe alijibu kila mara, na kikaratasi kikapanda gari.

Jina la Wembe hakulipata kwa ulimi, ingawa wageni walidhani hivyo. Alilipata kwa mkono. Miaka thelathini na mmoja nyuma aliajiriwa kufagia maabara hiyohiyo, akawa anafagia polepole sana karibu na mashine ya kukatia, mpaka fundi wa zamani akachoka kuona mgongo wake na kumwambia aweke ufagio chini ajaribu. Akajaribu. Kipande cha nyama hugandishwa kwanza ndani ya nta, kisha hukatwa kwa wembe wa mashine, na ukanda unaotoka unaelea juu ya maji ya vuguvugu. Ukanda wa watu wengine ulitoka umekunjamana kama shuka la mlevi. Wa kwake ulitoka umenyooka, mwembamba kiasi kwamba ungeweza kuulaza juu ya gazeti ukasoma matangazo ya vifo. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona na ufagio, isipokuwa mkewe.

Jambo moja tu lilimkaa rohoni. Ujanani alitaka kuwa mwalimu, na chuo cha ualimu kikamkataa kwa alama mbili. Alama mbili. Alizitaja hizo alama kwenye harusi, kwenye misiba, na mara moja kwa daktari wa meno akiwa amefunguliwa mdomo.

Basi mwaka huo likatokea jambo. Hospitali saba zikaungana kufanya utafiti mmoja: kwa nini majibu ya saratani yanachelewa katika kanda yetu? Daktari mkuu wa maabara, mwanamke kijana aliyekuwa ametoka masomoni akiwa na haraka ya kutengeneza kila kitu, alizunguka kote akitafuta takwimu, asipate. Huku kitabu kimeliwa na panya, kule kimelowa. Mwisho akarudi kwake mwenyewe, akakuta chini ya meza ya Mzee Wembe madaftari kumi na moja manene. Kila chupa ya miaka tisa ilikuwa humo: siku kipande kilipokatwa, siku kilipofika, kimefika katika hali gani, na safu pana kuliko zote, yenye kichwa "Makosa Yao."

"Mzee," Daktari alisema, amepiga magoti sakafuni na koti lake jeupe, "unajua hii ni nini?"

"Ni madhambi ya watu," Mzee Wembe alijibu.

"Hii ni hazina."

Kichwa kikavimba siku hiyohiyo. Na kilipokaribia kupungua, Daktari akaongeza la pili: hospitali hizo saba zilikuwa zinafungua darasa la kudumu pale maabara, la kuwafundisha wauguzi na mafundi wa kanda nzima namna ya kukata, kuhifadhi na kusafirisha. Lilihitaji mkufunzi. Jumamosi ya wiki ya pili kungekuwa na mkutano mkuu, na Mzee Wembe angepewa nusu saa afundishe mbele ya wote, kamati imtazame, ikipenda impe kazi. Alikuwa na miaka minne tu kabla ya kustaafu. Akatoka mle ndani bila kuona mlango, akagonga bega, wala hakuumia.

Nyumbani akaanza mazoezi. Mkewe alishona sare za shule katika sebule yao, na kwa wiki nzima alishona huku akifundishwa saratani. Ili kuonyesha ubaya wa shingo nyembamba, mzee alinunua ini buchani, akalisokomeza kipande kwa kipande ndani ya chupa, akamimina maji ya moto. Ini likakakamaa. Akaigeuza chupa, akaitikisa, akaipiga matako. Ini likakaa humo kama mpangaji asiyelipa.

"Umeona?" alimwambia mkewe kwa furaha.

"Nimeona. Hiyo ni chupa yangu ya mafuta, na hilo lilikuwa liwe kitoweo."

"Hotuba yenyewe lakini umeionaje?"

Mkewe alikata uzi kwa meno kabla ya kujibu. "Imenyooka. Ila sijaona mwanafunzi anauliza wapi."

"Aulize nini, nami nimeshasema yote?"

Mama akarudi kwenye cherehani. Alikuwa ameolewa na mtu huyo miaka ishirini na nane, na alijua mahali pa kusimama.

Jumatano, siku tatu kabla ya mkutano, Daktari alimwita Mzee Wembe ofisini amwonyeshe utafiti ulipofikia. Kwenye kompyuta kulikuwa na mchoro wa nguzo, kila nguzo siku moja ya wiki, urefu wake ni idadi ya chupa zilizopokelewa. Nguzo za siku nyingine tano za kazi zilikuwa fupi, fupi hasa, za kujikwaa. Nguzo ya Alhamisi ilipanda mpaka ikakaribia kutoka kwenye kioo.

"Tatizo kubwa si maji ya bomba wala majina," Daktari alisema. "Hayo yapo, lakini yamepungua. Tatizo ni kwamba chupa zinakaa huko kwao. Safari haifiki hata nusu siku, lakini zinafika baada ya siku saba, tisa, kumi na mbili. Halafu zinakuja zote Alhamisi. Alhamisi kuna nini, mzee?"

"Gari," alijibu papo hapo.

"Hata wauguzi nilipowauliza walisema usafiri. Basi tutaandika usafiri. Tunaomba pikipiki saba."

Mzee Wembe akarudi dirishani kwake ameridhika nusu. Nusu ya pili ilimwasha kama unga wa pilipili ulioingia kwenye kola. Gari la hospitali lilipita kila siku. Yeye mwenyewe alilipokea kila siku, likileta shuka za kufuliwa, mitungi, barua, na dereva mwenye porojo. Chupa ndizo zilikuwa hazimo. Chupa za Alhamisi alizijua kwa karatasi tu, maana Ijumaa asubuhi alinakili kwenye daftari orodha aliyomwachia Shangazi, na alikuwa akijisemea kwamba Shangazi ana bahati ya kazi nyingi.

Usiku wakiwa mezani alimsimulia mkewe.

"Alhamisi," mkewe alisema, akimmiminia chai. "Alhamisi si ndiyo siku yako ya mapumziko, unayoshinda hapa kunipangia vifungo?"

"Hilo halihusiani."

"Sijasema linahusiana."

"Umelisema kwa sauti ya kuhusiana."

"Nyani haoni kundule," mkewe alimwambia, na akampa sukari.

Kulipokucha Alhamisi, Mzee Wembe alivaa, akatoka, akaenda kazini siku yake ya mapumziko, kwa nia moja tu ya kwenda kumthibitishia mkewe kwamba amekosea. Aliingia kwa mlango wa nyuma. Kati ya dirisha la kupokelea na chumba cha mashine kulikuwa na stoo ndogo ya dawa, yenye mlango wa kitasa kibovu usiofungika vizuri. Akaketi humo juu ya dumu, magoti yamemfika kidevuni, mtu mzima mwenye wajukuu wawili.

Saa tatu chupa zikaanza kuja. Hazikuja na gari la hospitali. Zilikuja kwenye vikapu, kwenye mikoba, kwenye mfuko wa koti la mtu aliyesema amepewa na dada yake. Na waliozileta walikuwa wanacheka. Hilo ndilo lililomshangaza. Katika miaka yote dirishani hakuwahi kumsikia mtu akicheka kwenye dirisha lile.

"Shangazi, hii nimeiandika sawa?"

"Umesahau upande. Ziwa la kulia au la kushoto?"

"La kushoto."

"Basi andika, mwanangu, kalamu hii hapa."

Hivyo tu. Kosa ambalo yeye lingemchukua kikaratasi kizima na aya mbili, Shangazi alilimaliza kwa kalamu ya kuazima. Mzee Wembe alijisogeza apate kusikia zaidi, dumu likateleza, mlango wa kitasa kibovu ukafunguka, naye akatokea mbele ya dirisha akiwa ameshika rafu kwa mkono mmoja na hewa kwa mkono wa pili.

Dirishani alikuwa amesimama muuguzi wa hospitali ya mwisho wa barabara, ile ya mbali kuliko zote, mwanamke wa makamo mwenye mkoba wa ngozi. Alikuwa ameshatoa chupa, ameinyoosha kwa Shangazi. Akamwona mzee. Mkono ukasimama, kisha ukaanza kurudi nyuma polepole, chupa ikaingia mkobani, zipu ikafungwa.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Sijaleta kitu. Nilikuwa napita tu."

"Unapita kwenda wapi? Nyuma ya maabara ni ukuta."

Muuguzi akautazama ukuta kana kwamba ungeweza kumsaidia. Shangazi akavua miwani, akaiweka mezani. Akivua miwani kulikuwa na jambo.

"Mwambie," Shangazi alisema.

"Shangazi, tafadhali."

"Basi nitamwambia mimi. Mzee mwenzangu, watu hawa wana kundi lao la simu, hospitali zote saba. Kazi ya kundi hilo ni moja, kuulizana kama leo upo. Ukiwapo, hakuna anayetuma. Chupa zinakaa kabatini mpaka Alhamisi. Na gari la hospitali hawalitumii, maana dereva anakupelekea stori."

Mzee Wembe aliiachia rafu. "Na hili kundi," aliuliza, "linaitwaje?"

Muuguzi alijikohoza. "Linaitwa Yupo."

"Hiyo chupa imekatwa lini?"

"Jumanne."

"Juzi."

"Jumanne ya wiki iliyopita." Sasa muuguzi alikuwa ameamua kufa na tai shingoni. "Alhamisi iliyopita nilikuja nayo. Saa tatu za basi. Nikafika mpaka pale kwenye maua, nikaona upara wako dirishani, kumbe mmebadilishana zamu. Nikarudi nayo. Saa tatu nyingine. Ni ya mama mmoja mwenye uvimbe kwenye ziwa. Kila asubuhi ananiuliza majibu yametoka, nami namwambia maabara ina kazi nyingi."

Siku tisa. Mzee Wembe alizihesabu, ingawa hazikuhitaji kuhesabiwa na mtu aliyeandika siku za wengine kwa miaka tisa. Aliona aibu, aibu ya kweli. Akanyoosha mkono dirishani.

"Nipe."

"Nimetumia chupa ya mdomo mpana," muuguzi alisema kwa haraka. "Na jina nimeandika. Na upande. Na fomalini imejaa."

"Nipe tu, mwanangu," alisema, na Shangazi akavaa tena miwani ili amwone vizuri.

Jioni hiyo kile kipande kiliingia kwenye mashine ya kukiandaa, Ijumaa alfajiri kikagandishwa kwenye nta, na saa mbili Mzee Wembe alikikata mwenyewe. Alikata kwa uangalifu kuliko siku zote, na siku zote alikuwa mwangalifu. Shangazi akapaka rangi, Daktari akakipeleka kwenye hadubini, akafunga mlango wake. Mchana mzee alitoa hotuba yake mfukoni, kurasa sita, akaisoma mpaka mwisho. Ilikuwa na mahali pa kusema "wengi wenu" mara kumi na nne.

Ukumbi wa Jumamosi ulijaa watu kama arobaini: madaktari mbele, wauguzi na mafundi nyuma, kama ilivyo kawaida ya dunia. Mwenyekiti alikuwa profesa mmoja mkavu, mtu wa maneno machache, aliyesifika kwa kuwakatisha hata wakubwa zake. Daktari akaonyesha utafiti ukutani, nguzo zake zote, na Alhamisi ikapanda juu ya vichwa vya watu. Chini yake akaandika neno moja, USAFIRI, na ombi la pikipiki saba. Madaktari wakatikisa vichwa kukubali. Wauguzi wakatazama viatu vyao, kila mmoja vya kwake.

"Sasa tumsikilize fundi wetu," Profesa alisema. "Nusu saa."

Mzee Wembe alisimama akiwa na mfuko wenye chupa ya ini mkono mmoja na kurasa sita mkono wa pili. Alijua vizuri kilichokuwa mbele yake. Angeweza kufundisha nusu saa yake, akapewa darasa, pikipiki saba zikanunuliwa, na chupa zikapanda pikipiki kila Alhamisi. Aliziangalia zile kurasa. Akaziweka juu ya kiti.

"Pikipiki msiombe," alisema.

Daktari akageuka.

"Gari lipo, linakuja kila siku. Chupa ndizo haziji. Haziji kwa sababu siku nyingine zote dirishani nipo mimi. Alhamisi nakuwa nyumbani. Wananiogopa, Profesa. Wanazificha kabatini mpaka nisiwepo."

Kisha nyuma kabisa mtu akacheka, akajaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi, akashindwa, na jirani yake akadakwa nacho, kikatembea mstari kwa mstari mpaka kikawafikia madaktari, ambao walicheka bila kujua kwa nini. Profesa peke yake hakucheka.

"Una ushahidi gani?"

"Madaftari kumi na moja. Na mwandiko ni wangu."

"Kwa maneno mengine, ucheleweshaji huu wote tunaoufanyia utafiti ni wewe."

"Si wote. Lakini nguzo ile ndefu ni mimi."

Profesa aliandika mstari mmoja kwenye karatasi yake. "Na wewe ndiye unayeomba kuwafundisha."

"Ndiyo. Nilikuwa naomba."

"Basi tusipoteze muda." Profesa akageukia ukumbi. "Ambao watakuja darasani kufundishwa na mzee huyu, wanyooshe mikono."

Hapakunyooka mkono. Mzee Wembe alisubiri. Alitazama mstari wa pili, wa tatu, wa mwisho. Feni ya darini ilizunguka, mtu akashusha kikombe kwenye kisahani. Chuo cha ualimu kilimkataa kwa barua, na barua unaweza kuikunja. Watu arobaini hawakunjiki. Ilimuuma, wala hatutasema haikumuuma. Ilimuuma mpaka macho yakamwasha, akajifanya anatafuta kitambaa.

Ndipo yule muuguzi wa hospitali ya mwisho wa barabara akanyoosha mkono. Hakuunyoosha wote. Aliunyoosha mpaka usawa wa sikio, kama mtu anayetaka aweze kusema alikuwa anajikuna.

"Mimi nitakuja," alisema. "Lakini Shangazi awepo darasani."

"Hata mimi," akasema fundi mmoja wa kiume, "Shangazi akiwepo."

"Akae karibu naye," akaongeza mwingine. "Karibu kabisa, amfikie kwa mkono."

Mikono ikaanza kupanda. Shangazi, aliyekuwa nyuma akisimamia chai, akaweka birika chini. "Mimi mwenyewe sijaulizwa," alisema, na ukumbi ukacheka tena, safari hii Profesa naye akasogeza mdomo kidogo.

Ikaamuliwa hapohapo, maana Profesa hakupenda mambo ya kurudiwa. Darasa litakuwa na wakufunzi wawili. Dirisha la kupokelea linakwenda kwa Shangazi, siku zote za wiki. Mzee Wembe anaingia darasani kwa majaribio ya miezi mitatu, na wa kumpima si kamati, ni wanafunzi. Mzee akasema, "Haya." Kulipoteza dirisha kulimuuma pia, lakini mtu hawezi kuumwa na vitu vyote kwa siku moja.

"Zimebaki dakika kumi na tano za nusu saa yako," Profesa alimkumbusha.

Mzee Wembe aliutazama mfuko, akauacha ulipo. "Kuna mwenye swali?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza, maana hilo halikuwa popote kwenye kurasa sita.

Kisha muuguzi mmoja mtu mzima, mwenye mvi, akasimama ameshika kiti cha mbele yake. "Mimi nina miaka tisa naleta chupa," alisema. "Sijawahi kujua fomalini inatakiwa iwe kiasi gani. Naogopa kuuliza. Huwa nakadiria."

Miaka tisa ya kukadiria. Mzee Wembe akafungua kinywa, na wote waliomjua kwa mwandiko wakajikunja mabegani. Huko nyuma Shangazi akakohoa mara moja.

"Mara kumi ya ukubwa wa kipande," Mzee Wembe alisema. "Kipande kikiwa kama kidole gumba, dawa iwe ya vidole gumba kumi. Na nilipaswa kuwaandikia hilo siku ya kwanza, badala ya yale mengine."

Yule mama akaandika kwenye kiganja chake. Kisha mikono ikapanda, mizima sasa, wala si ya kujikuna. Kipande kikivuja damu je? Kikiwa vipande viwili, chupa moja au mbili? Gari likiharibika njiani? Dakika kumi na tano zikawa saa nzima, chai ikapoa, na Profesa, ambaye aliwakatisha wakubwa zake, hakumkatisha mtu.

Watu walipotawanyika, Mzee Wembe alimkuta yule muuguzi wa mwisho wa barabara getini, mkoba begani na begi la safari miguuni.

"Daktari kanipa majibu ya yule mama," muuguzi alisema. "Ni saratani. Lakini haijasambaa, anasema tumeiwahi. Jumatatu anaanza matibabu."

"Angeanza Jumatatu iliyopita," Mzee Wembe alisema.

"Ndiyo," alijibu muuguzi, wala hakumpunguzia. "Angeanza Jumatatu iliyopita."

Mzee akainama akabeba begi lake. Kituo cha mabasi kilikuwa mwendo wa robo saa, na jua lilikuwa kali. Muuguzi alianza kumweleza kuhusu hospitali yao, kabati lao lisilofungika, daktari wao mmoja wa zamu mbili, na yule mama mwenyewe, anavyofika kila asubuhi kabla hawajafungua. Yalikuwamo makosa mengi ya kurekebisha katika maelezo hayo. Mzee Wembe aliyasikia yote, na njia nzima akamwacha aongee.